Wimbo wa Kibizanti: nani hasa ndiye mtunzi?

Usiku wa Jumanne ya Juma Kuu, makanisa ya Kigiriki hujaa hata watu ambao siku nyingine hawaonekani. Wanakwenda kusikiliza wimbo mmoja. Ni maneno ya mwanamke mwenye dhambi aliyemletea Kristo manukato kabla ya maziko yake, na mwimbaji hodari huyavuta polepole, pumzi kwa pumzi, huku wenzake wakishikilia chini yake sauti moja isiyohama. Ukiuliza umetungwa na nani, utaambiwa Kassia, mtawa wa karne ya 9 wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola ya Bizanti. Ni kweli. Lakini mahadhi yanayosikika usiku huo katika makanisa mengi yanatoka kwa Petros wa Peloponnese, mwimbaji wa kanisa la Patriaki, askofu mkuu wa mji huo, aliyefariki mwaka 1778, takriban miaka 900 baada ya Kassia. Na kitabu kilicho mbele ya mwimbaji kimeandikwa kwa alama zilizorekebishwa mwaka 1814 na watu wengine watatu.

Nadhani hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Makala juu ya muziki wa Bizanti hupanga majina ya watunzi kwenye mstari mmoja, Romanos, Yohane wa Damasko, Kassia, Koukouzeles, Petros, kana kwamba wote walifanya kazi ile ile katika zama tofauti. Kazi zao hazikuwa moja. Katika historia hii neno “mtunzi” limebadilika maana angalau mara tatu, na ukizifuata hizo maana tatu mengi yanayoonekana kuwa fumbo yanafunguka yenyewe.

Mtunzi kama mshairi

Wimbo wa Kikristo wa kale zaidi tulio nao ukiwa na alama za muziki ulipatikana Oxyrhynchus, Misri, kwenye kipande cha mafunjo cha mwishoni mwa karne ya 3. Unausifu Utatu, na mahadhi yake yameandikwa kwa alama za Wagiriki wa kale. Baada ya hapo alama hizo ziliachwa. Kwa zaidi ya miaka 600 mahadhi ya kanisa yaliishi vifuani mwa watu tu. Hili lazima likae akilini: Romanos, Yohane wa Damasko na Kassia wote waliishi ndani ya kimya hicho. Maneno yao tunayo. Mahadhi yao tunayajua kupitia mikono ya watu waliozaliwa baadaye sana.

Muziki wenyewe ulikuwa wa sauti za watu peke yake. Vyombo vilikuwepo Konstantinopoli, na kinanda cha mabomba kililia ikulu na kwenye uwanja wa mbio za farasi. Mwaka 757 Kaisari Konstantino wa Tano alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda cha namna hiyo kama zawadi. Ajabu ni kwamba chombo hicho kilikuja kutawala makanisa ya Magharibi, wakati kanisa la mji kilikotoka halikukiruhusu kuvuka mlango. Kilichojaza Hagia Sofia, Kanisa Kuu la mji huo, ni makoo ya binadamu. Sheria ya Kaisari Justinian ya mwaka 535 iliwekea Kanisa Kuu la mji mkuu ukomo wa watumishi 425, wakiwemo wasomaji 110 na waimbaji 25. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Desemba 537, jengo jipya lenye kuba lile maarufu lilizinduliwa.

Mwimbaji aliyeng'aa katika mji huo zama hizo alikuwa mgeni. Romanos alizaliwa Emesa, Siria, mji uitwao Homs leo, akawa shemasi Beirut, kisha akahamia Konstantinopoli wakati wa Kaisari Anastasius. Masimulizi ya kanisa yanasema mkesha mmoja wa Krismasi Bikira Maria alimtokea ndotoni, akampa gombo la karatasi na kumwambia alile. Alipoamka alipanda mimbari akaanza: “Bikira leo anamzaa Yeye aliye juu ya vyote.” Kipande hicho huimbwa kila Krismasi hadi sasa.

Aina ya utungo aliyoifikisha kileleni inaitwa kontakio, jina linalotokana na kijiti cha kuviringishia gombo. Ni hotuba inayoimbwa. Inaanza na ubeti mfupi wa utangulizi, halafu zinafuata beti ndefu, mara nyingi kati ya 18 na 24, zote zikiwa na umbo moja na kila moja ikiishia kwenye kibwagizo ambacho watu wote wanaweza kukipokea. Herufi za mwanzo za beti, ukizisoma kutoka juu kwenda chini, hutoa saini: “ya Romanos mnyenyekevu”. Ndani ya beti hizo watu wa Biblia wanazungumza. Maria anawauliza mamajusi maswali, Petro anajitetea, Kuzimu kunalalamika kwamba tumbo linauma. Tabia hiyo ya mabishano ya kuimbwa ilitoka Siria, kwenye mashairi ya Efremu na wenzake, na kutoka huko huko ilikuja desturi ya kuhesabu silabi badala ya kufuata urefu na ufupi wa vokali kama walivyofanya washairi wa Kigiriki wa kale. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana: kontakio linakwenda kwa mizani.

Kontakio mashuhuri kuliko yote halina saini ya mtu. Ni Akathisto, maana yake “bila kuketi”, lenye beti 24 zinazofuata alfabeti ya Kigiriki toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Ubeti wake wa utangulizi unaosikika sana, ule wa kumshukuru Mama wa Mungu kama jemadari mshindi, unahusishwa na mwaka 626, Waavari na Waajemi walipouzingira mji wakashindwa. Jina la mtunzi linabishaniwa hadi leo, na waumini hawajawahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Yerusalemu, irmo na hesabu ya silabi

Wakati kontakio likitawala mjini, watawa wa Palestina walikuwa wakijenga kitu kingine. Kila alfajiri waliimba nyimbo tisa zilizomo ndani ya Biblia yenyewe, kuanzia wimbo wa Musa baada ya kuvuka bahari hadi wimbo wa Maria, “Moyo wangu wamwadhimisha Bwana”. Katikati ya aya hizo walianza kuchomeka beti fupi mpya. Beti zikaongezeka, zikapangwa, na kutoka hapo kukazaliwa kanoni: utungo mkubwa wenye sehemu tisa, ingawa kwa kawaida ya pili huachwa nje ya Kwaresima kwa sababu wimbo wake wa Biblia ni wa kuonya na kuhuzunisha. Andrea wa Krete, mzaliwa wa Damasko, alitunga Kanoni Kuu ya toba yenye beti zipatazo 250.

Mtu anayetajwa zaidi hapa ni Yohane wa Damasko, aliyefariki karibu mwaka 749. Familia yake ilitumikia serikali ya makhalifa wa Bani Umayya. Inapendeza kukumbuka kwamba wimbo mkuu wa Pasaka wa Kanisa la Mashariki ulitungwa na raia wa dola ya Kiislamu aliyezungukwa na Kiarabu, na kwamba huko, nje ya mikono ya makaisari waliokuwa wakivunja picha takatifu, alipata nafasi ya kuzitetea. Kanoni yake ya Pasaka inaanza: “Siku ya Ufufuo! Tung'ae, enyi watu.” Maneno hayo aliyachota kwenye mahubiri ya Gregori wa Nazianzo, aliyeishi karne nne kabla yake, akayapa umbo la kuimbika. Kuchota namna hiyo kulihesabiwa kuwa heshima.

Sasa fundo lenyewe. Kila sehemu ya kanoni inaanza na ubeti wa mfano uitwao irmo. Irmo lina maneno yake na mahadhi yake. Beti zinazofuata lazima ziimbwe kwa mahadhi yale yale, kwa hiyo kila mstari uwe na idadi ile ile ya silabi na mkazo uangukie mahali pale pale. Mtu aliyewahi kutunga shairi la kuimbwa kwa mahadhi ambayo wasikilizaji tayari wanayajua anaufahamu ugumu huo: ukizidisha silabi moja, sauti inajikwaa. Ndiyo sababu wataalamu hutofautisha watu wawili. Wa kwanza anatunga irmo, maneno na mahadhi pamoja. Wa pili anatunga maneno tu na kuyavalisha mahadhi ya mwenzake. Yosefu aliyeitwa Mtunzi wa Tenzi, mzaliwa wa Sisilia wa karne ya 9, aliandika mamia ya kanoni kwa njia hii ya pili. Wapo wanaomdharau kwa sababu hiyo, na mimi sikubaliani nao. Kusema jambo jipya ndani ya mizani ya mtu mwingine, tena na tena, mwaka mzima wa sikukuu, ni ufundi mzito.

Mahadhi yote haya yaligawanywa katika sauti nane, yaani mitindo nane ya mahadhi: nne za msingi na nne za pembeni, zilizo jamaa za zile za kwanza. Kila wiki ina sauti yake, na baada ya wiki nane mzunguko unaanza upya. Mapokeo yanampa Yohane sifa ya kuubuni mpango huo. Ulikuwa umekwisha kuota mizizi Yerusalemu na maeneo yake kabla yake. Kazi yake ilikuwa kuujaza kwa tungo zilizoufanya udumu. Pia usidhani “sauti” ni ngazi ya muziki tu. Kila moja ina vifungu vyake vya kuanzia, vya kupumzikia na vya kumalizia, na mwenye sikio huitambua kabla ubeti haujafika nusu.

Tungo hizi zilihamia Konstantinopoli, hasa kwenye monasteri ya Stoudios chini ya abate Theodoro, katika miaka ya vita vya picha. Kontakio likapunguzwa hadi utangulizi na ubeti mmoja, likapachikwa baada ya sehemu ya sita ya kanoni. Ni hasara ambayo bado inaniuma, maana hadithi nzima za Romanos zilibaki vitabuni bila kuimbwa.

Mtunzi wa miaka hiyo angeweza kulipa kwa mwili wake. Kaisari Theophilos aliwakamata ndugu wawili, watawa kutoka Palestina, Theodoro na Theofane, akaamuru wachanjwe usoni mistari 12 ya mashairi ya kuwatukana. Theofane aliendelea kutunga kanoni, na baada ya picha kurudishwa mwaka 843 akawa askofu wa Nikea akiwa na maandishi hayo usoni.

Ni Theophilos huyo huyo anayetokea katika kisa cha Kassia. Wanahistoria wa Bizanti wanasimulia kwamba, wasichana walipopangwa ili achague mke, alisimama mbele ya Kassia akamwambia kwamba mabaya yalitoka kwa mwanamke. Kassia akajibu kwamba yaliyo bora pia yalitoka kwa mwanamke. Kaisari akampita. Kassia alianzisha nyumba ya watawa, akatunga nyimbo zipatazo 50 zinazohusishwa naye, na barua alizoandikiwa na Theodoro wa Stoudios bado zipo. Hata bila kisa cha uchumba, wimbo wake ungetosha kumweka mbele. Ndani yake mwanamke anasema ataibusu miguu ile ambayo Hawa, aliposikia hatua zake bustanini jioni, alijificha kwa hofu. Mstari mmoja unaunganisha mwanzo wa Biblia na mlango wa kaburi.

Alama zinazohesabu hatua

Alama za mahadhi zilianza kuonekana vitabuni katika karne ya 10. Mwanzoni zilimkumbusha tu mtu aliyekwisha kuujua wimbo. Kufikia katikati ya karne ya 12 zilikuwa zimekuwa mfumo kamili.

Anayezoea muziki wa Ulaya atatafuta mistari mitano na hataiona. Alama hizi hazisemi sauti iko wapi. Zinasema utoke ulipo uende wapi. Alama iitwayo isoni inasema rudia pale pale. Oligoni: panda hatua moja. Apostrofo: shuka hatua moja. Kentima inaruka hatua mbili juu, elafro mbili chini, ipsili nne juu, hamili nne chini. Waalimu waliziita zile za hatua moja “miili”, na zile za kuruka “roho”. Ukikosea moja, kila kitu kinachofuata kimehama, ndiyo maana kila baada ya kifungu huwekwa alama ya ushahidi inayothibitisha ulipofika. Juu ya hizo zipo nyingine zinazoeleza namna ya kuimba: tikisa hapa, bana pale, unganisha. Kitabu cha wanafunzi kilifunguliwa kwa sentensi isemayo kwamba mwanzo, kati na mwisho wa alama zote ni isoni. Isoni ndiyo isiyopanda wala kushuka. Jina hilo hilo linatumika kwa ile sauti ya chini wanayoishikilia wenzake wa mwimbaji mkuu.

Mtunzi kama fundi wa sauti

Mara alama zilipoweza kuandika kila hatua, kazi ya mtunzi ikageuka. Maneno yalikuwa yametosha, kalenda ya sikukuu ilijaa. Akatokea mtu mpya ambaye hatungi maneno kabisa, anachukua zaburi au ubeti wa zamani na kuutungia mahadhi mapya marefu, akitia jina lake.

Yohane Koukouzeles, wa mwishoni mwa karne ya 13 na nusu ya kwanza ya karne ya 14, ndiye mkubwa wao. Alizaliwa Dyrrachium, mji wa Durrës wa Albania ya leo, akapelekwa mtoto kusoma Konstantinopoli. Masimulizi yanasema wenzake walimuuliza alikula nini, akajibu kwa Kigiriki kibovu na Kislavi, maharage na kabichi, na jina la utani likatoka hapo. Akawa mwimbaji wa ikulu, kisha akatoroka sifa akaenda Mlima Athos kwenye monasteri ya Lavra Kuu, akajifanya mchunga mbuzi. Alijulikana siku alipoimba malishoni akidhani yuko peke yake, na mbuzi wakaacha kula wakasimama kumsikiliza.

Mtindo wake unaitwa kalofonia, yaani sauti nzuri. Neno moja linaweza kunyooshwa hadi lisitambulike. Mistari inapanguliwa na kupangwa upya. Kisha maneno yanaachwa kabisa na mwimbaji anabaki na silabi tupu, te-ri-rem, te-re-rem, kurasa kwa kurasa. Walioukosoa walisema ni majivuno. Walioutetea walisikia humo wimbo wa malaika, ambao hauhitaji lugha. Mimi naona ilikuwa hatua ya lazima: mkesha wa usiku kucha unahitaji muziki unaoweza kuujaza usiku. Kitabu cha mwaka 1336 kilichohifadhiwa Athens kinaonyesha mtindo huu ukiwa tayari umeshika, majina ya watunzi yakiwa juu ya nyimbo: Glykys, Korones, Koukouzeles.

Tusimwone hata hivyo kama msanii wa kisasa anayetafuta kuwa tofauti. Manuel Chrysaphes, mwimbaji wa ikulu ya kaisari wa mwisho, aliandika mwaka 1458, miaka mitano tu baada ya Konstantinopoli kuanguka mikononi mwa Waturuki Waothmani, kwamba Koukouzeles hata katika tungo zake mpya kabisa alifuata nyayo za mahadhi ya zamani. Katika kitabu hicho hicho alionya kwamba kusoma alama moja moja hakutoshi, mwimbaji lazima ajue kanuni za vifungu vizima. Onyo hilo lilikuja kuzaa ugomvi mkubwa karne tano baadaye.

Mtunzi kama mfasiri wa alama

Chini ya Waothmani muziki haukufa. Ulikuwa na kituo, kanisa la Patriaki wa Konstantinopoli, na Petros wa Peloponnese alikuwa akiimba humo katika mji ambao pia ulijaa makam, yaani mitindo ya mahadhi ya Kituruki, alizozifahamu vizuri. Anayependa taarabu na milio ya ala iitwayo kanuni atazitambua baadhi ya hatua ndogo zisizopatikana kwenye piano. Petros alifupisha nyimbo, akaandika upya karibu kalenda nzima, na alama zake alizifafanua zaidi kuliko waliomtangulia.

Kufikia wakati wake alama moja ya zamani ilikuwa ikiimbwa kama kifungu kizima, na mwanafunzi alihitaji miaka mingi kwa mwalimu kujua kifungu kipi. Mwaka 1814 Chrysanthos wa Madytos, Gregorios na Chourmouzios waliamua kuyaandika yote waziwazi. Walitoa majina ya sauti kutoka alfabeti, Pa, Vu, Ga, Di, Ke, Zo, Ni, wakapunguza alama, wakaweka kipimo cha muda, na shule ikafunguliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1820 kitabu cha kwanza cha muziki huu kikapigwa chapa Bucharest. Chourmouzios alitumia maisha yake kuhamisha nyimbo za zamani kwenda alama mpya, kitabu baada ya kitabu.

Ukiuweka wimbo wa Koukouzeles wa vitabu vya karne ya 14 kando ya wimbo ule ule ulioandikwa upya na Chourmouzios, wa pili ni mrefu mara nyingi. Upi ni wa kweli? Wataalamu wa Ulaya, hasa waliounda mradi wa kuuchunguza muziki huu Copenhagen mwaka 1931, Carsten Høeg, Tillyard na Wellesz, walisoma alama za kale kama zilivyo: hatua moja ni hatua moja. Wagiriki, tangu Konstantinos Psachos, walijibu kwamba alama zilikuwa mkato tangu awali na ufunguo wake ni mapokeo ya waimbaji. Ushahidi unanivuta katikati. Mifano ya kwanza ya kufafanua alama kwa maandishi ni ya mwishoni mwa karne ya 17, na inaonyesha wimbo ukinenepa kizazi kwa kizazi. Mifupa ni ya Koukouzeles. Nyama imeongezwa na wengi, na wote walidhani wanalinda tu walichorithi.

Mwaka 2019 UNESCO iliuandikisha uimbaji huu, kwa ombi la Ugiriki na Kupro, kwenye orodha ya urithi usioshikika. Matawi yake yalikwisha kusambaa mbali: kwa Waslavi, Waromania, na Waarabu wa Antiokia. Lipo pia tawi la kwetu. Waorthodoksi wa Kenya na Uganda walipokelewa rasmi na Patriaki wa Aleksandria mwaka 1946, na seminari yao ipo Riruta, Nairobi.

Huko swali la mtunzi linarudi mezani likiwa bichi. Chukua wimbo wa Pasaka. Kigiriki kinasema Christós anésti ek nekrón: silabi nane, mkazo wa mwisho ukitua juu ya silabi ya mwisho kabisa. Kiswahili kikisema “Kristo amefufuka toka wafu” silabi ni 11, na mkazo hauwezi kukaa mwisho, kwa kuwa lugha yetu huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yanataka kupumzika juu ya “-fu”; ulimi unataka kupumzika juu ya “wa-”. Anayeketi na kitabu cha alama upande mmoja na Kiswahili upande wa pili ana njia mbili: apinde maneno, au aongeze apostrofo moja mwishoni ili sauti ishuke hatua moja pamoja na silabi ile.